Kenyatta kabla ya ikulu: Fundi aliyenyimwa barua, akaishia kuachia chuo shamba Juja

Ukiwa unaishi Landless, Thika, huhitaji kuelezwa JKUAT ni nini. Unapanda matatu ya kuelekea Nairobi, unafika Juja, na nusu ya abiria wanashuka na begi za laptopu mgongoni. Huenda umesomea pale, huenda uliomba nafasi ukakosa. Ama una binamu anayesomea uhandisi wa mitambo na kila Krismasi wajomba humletea redio mbovu atengeneze.

Sasa tazama herufi mbili za kwanza za jina la chuo hicho. Jomo Kenyatta. Uso wake uko kwenye sarafu za zamani, shuleni ulifunzwa kuwa ni Baba wa Taifa, na mitandaoni unabishana na watu kuhusu mashamba ya familia yake. Lakini kuna Kenyatta mmoja ambaye vitabu vya shule humpita haraka: kijana wa kazi za mikono, aliyetaka kujifunza uashi akakataliwa, kisha akaja kusaka riziki hapa hapa Thika. Ngoja nikupe stori yake, maana inakuhusu kuliko unavyodhani.

Kijana wa Thogoto

Alizaliwa Ngenda, Gatundu, katika miaka ya 1890. Siku yenyewe hakuna aliyeiandika. Jina lake lilikuwa Kamau. Baba yake, Muigai, alifariki mapema na mtoto akalelewa na ami yake, Ngengi. Ndiyo maana utasikia akiitwa Kamau wa Ngengi.

Mwezi wa Novemba 1909 alitoka nyumbani akaenda misheni ya Kanisa la Scotland pale Thogoto, karibu na Kikuyu. Masomo hayakuwa ya bure kwa maana unayoijua wewe. Aliosha vyombo, akapalilia bustani za misheni, na katikati ya hizo kazi akajifunza Biblia, kusoma na kuandika. Kufikia 1912 alikuwa amemaliza elimu ya msingi, akawekwa kuwa mwanagenzi wa useremala.

Hapa simama kidogo uelewe elimu ya ufundi kwa Mwafrika wa wakati ule ilikuwa nini. Kwa sehemu kubwa, ulifunzwa kushika randa, msumeno na nyundo. Mchoro wa jengo na hesabu zake zilikuwa kazi ya Mzungu. Ulikuwa mkono, na kichwa kilikuwa cha mtu mwingine.

Mwaka wa 1914 alibatizwa. Alitaka majina mawili ya mitume, Yohana na Petro, lakini wamisheni wakamwambia achague moja. Kamau akapata njia ya katikati. Petro maana yake ni mwamba, kwa hivyo akaunganisha John na jiwe, likawa Johnstone. Kijana huyo mwenye jiwe ndani ya jina akaenda kuomba afunzwe uashi, yaani kazi ya kujenga kwa mawe, badala ya useremala. Wakakataa.

Basi akaomba angalau barua ya mapendekezo akatafute kazi kwingine. Mkuu wa misheni akakataa pia, akidai kijana alikuwa amefanya udanganyifu mdogo. Ukiwahi kuzunguka ofisi baada ya ofisi ukitafuta mtu wa kukusainia fomu ya atachimenti, unajua hiyo hali bila kuelezwa. Mikono unayo, akili unayo, ila karatasi huna.

Thika na mtu mmoja aliyefungua mlango

Akaja Thika. Wakati huo kulikuwa na mhandisi Mwingereza aliyeitwa John Cook, mwenye kampuni ya uhandisi. Cook akamwajiri Johnstone, na moja ya kazi alizompa ilikuwa kuchukua mishahara ya wafanyakazi kutoka benki ya Nairobi, umbali wa kilomita kama 40. Hebu fikiria. Kijana aliyenyimwa barua kwa madai kwamba si mwaminifu, ndiye sasa anayebeba pesa za kampuni nzima. Hakuna barua ya mapendekezo inayoshinda hiyo.

Kazi hiyo haikudumu. Aliugua vibaya, akaenda kwa rafiki katika misheni ya Tumutumu hadi akapata nafuu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto na serikali ikawa inawakamata vijana kwenda kubeba mizigo ya jeshi, alihamia Narok kwa jamaa zake Wamaasai. Huko ndiko alikozoea kuvaa mshipi wa shanga, kinyata, ambao unahusishwa na jina alilokuja kulitumia maishani.

Mwaka wa 1922 mlango ukafunguka tena, na aliyeushika ni yule yule. John Cook sasa alikuwa msimamizi wa maji katika baraza la mji wa Nairobi, naye akamchukua Kenyatta kuwa karani wa stoo na msomaji wa mita za maji. Mshahara ulikuwa shilingi 250 kwa mwezi, pesa kubwa kwa Mwafrika wa siku hizo.

Usiicheke kazi ya mita. Ilihitaji mtu anayejua namba, anayeweka rekodi safi, anayezungumza na wateja kwa lugha zao na anayejua bomba linatoka wapi na kuingia wapi. Pia ilimpitisha kila pembe ya mji. Aliona nyumba zenye mfereji na mitaa isiyo nao. Mtu aliyekuja kuongoza nchi aliijua Nairobi kwanza kupitia mabomba yake.

Masomo ya mbali

Sehemu inayofuata unaijua, kwa hivyo nitaipita upesi. Mwaka wa 1928 aliacha mita akawa katibu wa Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti la Muigwithania. Mwaka uliofuata akasafiri kwenda London kudai mashamba yaliyotwaliwa. Alirudi nyumbani 1930, na mwaka wa 1931 akaenda tena Uingereza. Safari hii alikaa miaka 15. Alisoma Moscow kwa muda, kisha akasomea anthropolojia London chini ya Profesa Malinowski. Kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilitoka 1938. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa kibarua wa shamba kule Sussex. Ndiyo, akiwa ameshaandika kitabu.

Aliporudi 1946 alielekea Githunguri, kwenye chuo cha ualimu ambacho Mbiyu Koinange na wazee walikijenga kwa michango ya wananchi, akawa mkuu wake. Hapo utaona kijana wa Thogoto bado yumo. Githunguri ilikuwa shule ya Waafrika, chini ya Waafrika, ambayo haikuhitaji barua ya mmisheni yeyote. Serikali ya kikoloni iliifunga wakati wa Hali ya Hatari. Kenyatta mwenyewe alikamatwa Oktoba 20, 1952, akahukumiwa kule Kapenguria, na hakuwa huru hadi Agosti 1961.

Funguo zikiwa mkononi mwake

Alipokuwa Waziri Mkuu mwaka wa 1963, kisha Rais mwaka wa 1964, hali ilikuwa hivi: barabara, reli, mitambo ya stima na ya maji ilikuwa mikononi mwa wahandisi wa kigeni. Uhandisi ulifundishwa Nairobi katika chuo kilichofunguliwa 1956 kikiitwa Royal Technical College, lakini Waafrika waliokuwa wameupitia bado walikuwa wachache. Mwaka wa 1970 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Kenyatta akawa chansela wake wa kwanza.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 wananchi nao walianza kuchanga harambee kujenga taasisi za teknolojia mashinani. Ile ya Kimathi kule Nyeri na ile ya Murang'a zilianza hivyo. Leo zote mbili ni vyuo vikuu vya teknolojia. Walioanza kuzijenga walikuwa wazazi wa kahawa na chai, wakitoa kidogo walichokuwa nacho ili mtoto asiishie kushika nyundo tu.

Lakini usinielewe vibaya, hii si sifa tupu. Aliyenyimwa mlango alijifunza pia kuufunga. Januari 1969 wanafunzi wa Nairobi walitaka Oginga Odinga aje kuwahutubia. Serikali ikakataa, wanafunzi wakagoma, chuo kikafungwa. Mwaka wa 1975 JM Kariuki, mbunge aliyepiga kelele kuhusu mashamba na maskini, aliuawa, na wanafunzi wakaingia barabarani kuandamana. Na swali la jinsi familia ya Rais ilivyopata ardhi nyingi kiasi kile halijazeeka hadi leo. Wewe unayeishi mtaa unaoitwa Landless huwezi kulikwepa.

Hekta 200 za Juja

Ndiyo maana zawadi yake ya mwisho kwa elimu ina uzito wa ajabu. Mwanzoni mwa 1978 alitoa hekta 200 za shamba Juja, karibu ekari 500, kijengwe chuo cha kilimo na teknolojia. Japani ikasaidia kwa majengo, vifaa na walimu. Kenyatta hakukiona. Alifariki Mombasa Agosti 22, 1978.

Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 4, 1981. Rais Moi akakifungua rasmi Machi 17, 1982. Na sasa sikiza hili vizuri, hasa kama una diploma na watu wa digrii hukuangalia kwa jicho la juu: chuo hicho kilianza na diploma. Waliohitimu kwanza, Aprili 1984, walikuwa wa uhandisi wa kilimo, teknolojia ya chakula na kilimo cha bustani. Mwaka wa 1988 kikawa chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na 1994 kikasimama chenyewe kama chuo kikuu kamili. Karakana ilitangulia, kofia za mahafali ya digrii zikafuata.

Unaweza kuona matunda ya mpango huo bila kuingia darasani. Miche ya ndizi isiyo na magonjwa, inayokuzwa maabara kutoka kipande kidogo cha mmea, hutoka pale ikaenda kwa wakulima. Laptopu za Taifa ziliunganishwa pale. Serikali ilipoanza kusambaza tabuleti katika shule za msingi mwaka wa 2016, JKUAT ilikuwa ndani ya mradi pamoja na kampuni ya Positivo BGH. Utafiti wa namna hii ndio unaomfaa mtu wa mtaani. Unaanza na shida yake na kuishia mkononi mwake.

Bado lakini kuna ile barua. Katika miaka ya 2010, wahitimu wa uhandisi kutoka vyuo vikuu kadhaa nchini waligundua kwamba hawawezi kusajiliwa kuwa wahandisi kwa sababu kozi zao hazikuwa zimeidhinishwa na bodi. Wengine walienda mahakamani. Miaka mitano ya masomo, karo ya mzazi, na mwishoni unaambiwa karatasi yako haitoshi. Bodi ina sababu zake, maana daraja likianguka halimuulizi mtu alisomea wapi. Ila mzigo haukupaswa kumwangukia mwanafunzi ambaye chuo kilimpokea na kumlipisha.

Na kuna mlango mwingine, mdogo zaidi, ambao uko karibu nawe. Kutoka Landless hadi viwanda vya Thika si mbali. Kila mwaka vijana wa uhandisi huzunguka huko na barua za chuo mkononi wakiomba wiki chache tu za kuona mashine ikifanya kazi, na wengi hawapiti geti la askari. Kenyatta alipita kwa sababu mhandisi mmoja alimwajiri mara mbili wakati misheni iliyomlea ilikuwa imemkatalia. Kama una gereji, karakana ya kuchomelea vyuma au cheo kiwandani, unaweza kumfanyia kijana mmoja hivyo hivyo muhula huu. Msainie kitabu chake cha atachimenti, kisha umpe spana.