Mtakatifu Yeronimo: Mwanafunzi wa Walimu wa Kiyahudi

Kila mwaka, tarehe 30 Septemba, Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Yeronimo, Padre na Mwalimu wa Kanisa. Wengi tunamfahamu kama mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, mzee mwenye ndevu nyeupe anayechorwa akiandika, simba amelala miguuni pake. Picha hiyo haituonyeshi jambo moja muhimu. Kabla ya kuitwa Mwalimu, Yeronimo alikuwa mwanafunzi kwa miaka mingi, mbali na kwao, mbele ya walimu Wayahudi. Bila wao, tafsiri iliyolilisha Kanisa la Magharibi kwa zaidi ya miaka 1,000 isingekuwa kama tunavyoijua.

Kijana aliyependa lugha nzuri

Yeronimo alizaliwa karibu na mwaka 347 huko Stridon, mji mdogo uliokuwa mpakani mwa Dalmatia na Panonia, katika familia ya Kikristo yenye uwezo. Wazazi wake walimpeleka Roma akiwa bado kijana. Alisoma sarufi kwa Donatus, mwalimu mashuhuri wa wakati ule, kisha akajifunza ufasaha wa kusema. Alibatizwa hukohuko Roma. Siku za Dominika, yeye na wanafunzi wenzake walishuka katika makatakombu kuyazuru makaburi ya Mitume na wafiadini.

Hata hivyo moyo wake ulitekwa na Kilatini cha Cicero. Alipofungua vitabu vya Manabii, lugha yao ilimwonekea ya kishamba. Baadaye, akiwa mgonjwa mahututi huko Mashariki, aliota amefikishwa mbele ya Hakimu wa mbinguni. Alipojitambulisha kuwa Mkristo, aliambiwa kwamba anasema uongo, kwa kuwa yeye ni mfuasi wa Cicero. Ndoto hiyo ilimtia hofu iliyomrudisha kwenye Maandiko Matakatifu.

Alifabeti jangwani

Karibu na mwaka 375 Yeronimo aliingia jangwa la Chalcis, huko Siria, ili aishi kama mkaapweke. Alifunga mpaka mwili ukadhoofu, lakini mawazo yake yalizidi kumsumbua, na kumbukumbu za anasa za Roma zikamfuata hadi pangoni. Alipoona kwamba kufunga peke yake hakutoshi, alitafuta kazi ngumu ya kuishughulisha akili. Alimwendea mtawa mmoja, Myahudi aliyeongokea Ukristo, akamwomba amfundishe Kiebrania.

Tufikirie hali yake. Kijana aliyesifiwa kwa ufasaha alikaa chini kama mtoto, akianza na alifabeti, akijaribu kutamka sauti za kooni zilizokuwa ngeni kabisa kwa Mlatini. Katika barua aliyoandika uzeeni alikiri kwamba mara nyingi alikata tamaa, akaacha, kisha akaanza tena kwa sababu hamu ya kujua ilimshinda. Alimshukuru Mungu kwamba mbegu ile chungu ilimzalia matunda matamu.

Vitabu vya kuazima

Baada ya kupewa daraja ya upadre huko Antiokia na kukaa Konstantinopoli karibu na Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, Yeronimo alirudi Roma mwaka 382. Papa Damaso I alimfanya msaidizi wake, akampa kazi ya kusahihisha Injili za Kilatini. Siku moja, alipokuwa akimwandalia Papa majibu ya maswali yake, alifika Myahudi aliyemletea vitabu alivyoviazima katika sinagogi kana kwamba anakwenda kuvisoma mwenyewe. Yeronimo aliacha kila kitu, akaanza kunakili. Hata Baba Mtakatifu alilazimika kusubiri.

Hakuwa mwanafunzi peke yake. Paula, mjane tajiri wa Roma, na binti yake Eustokia, walijifunza Kiebrania pamoja naye. Yeronimo alishuhudia kwamba Paula aliimba Zaburi kwa Kiebrania bila lafudhi ya Kilatini. Yeye mwenyewe, aliyeihangaikia lugha hiyo tangu ujana, alisema hathubutu kuiacha hata kidogo isije ikamponyoka.

Mwalimu wa usiku

Papa Damaso alifariki mwaka 384. Yeronimo alikuwa na ulimi mkali, na maadui hawakukosekana. Mwaka uliofuata aliondoka Roma. Mwaka 386 alikaa Bethlehemu, ambako Paula alijenga monasteri kwa mali yake. Hapo ndipo masomo yake yalipokomaa. Alimlipa mwalimu Myahudi aitwaye Baranina, ambaye alikuja usiku kwa kuwaogopa Wayahudi wenzake. Yeronimo alimfananisha na Nikodemo. Kwa ajili ya kitabu cha Ayubu alimlipa fedha nyingi mwalimu kutoka Lida. Pia alitembea katika nchi ya Palestina pamoja na Wayahudi wasomi, ili ayaone kwa macho mahali panapotajwa katika Maandiko.

Kuanzia karibu mwaka 390 hadi 405 alitafsiri Agano la Kale moja kwa moja kutoka Kiebrania. Alisita kuhusu vitabu visivyokuwamo katika Biblia ya Kiebrania, lakini maaskofu walipomwomba kitabu cha Tobiti, alitii. Mtu aliyejua Kiaramu na Kiebrania alimsomea kwa Kiebrania, naye akamtamkia mwandishi kwa Kilatini. Kazi hiyo ilikwisha kwa siku moja.

Si wote waliofurahi. Wakristo walikuwa wamezoea maneno yaliyotoka katika tafsiri ya Kigiriki ya Sabini. Mtakatifu Agostino alimwandikia kwamba huko Oea, mji ambao leo ni Tripoli ya Libya, waamini walizua ghasia kanisani askofu aliposoma tafsiri mpya ya kitabu cha Yona, kwa sababu jina la mmea uliompa nabii kivuli lilikuwa limebadilishwa. Wataalamu wengi leo wanaudhania kuwa mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Askofu nusura abaki bila waamini kwa sababu ya jina la mmea!

Deni lililobaki

Utakatifu wa Yeronimo haukumfanya asiwe na kasoro. Aligombana vikali na Rufino, rafiki yake wa ujana, ambaye alimkejeli kwa kumwita Baranina jina la Baraba. Linalotuhuzunisha zaidi ni kwamba Yeronimo, aliyekula matunda ya elimu ya Wayahudi, aliandika pia maneno makali na ya dharau juu yao. Alilipa karo ya walimu wake, lakini heshima iliyowastahili taifa lao hakuitoa. Ilitupasa kungoja hadi mwaka 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipohimiza, katika tamko *Nostra Aetate*, kufahamiana na kuheshimiana na Wayahudi, hasa kupitia masomo ya Biblia na ya teolojia.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya majonzi. Paula alifariki mwaka 404. Roma ilitekwa mwaka 410, na Yeronimo akaweka kalamu kando ili awahudumie wakimbizi waliofika Bethlehemu. Mwaka 416 monasteri zake zilivamiwa na kuchomwa moto. Alifariki huko Bethlehemu karibu na mwaka 420. Mwaka 1546 Mtaguso wa Trento uliitangaza Vulgata kuwa tafsiri rasmi ya Kanisa.

Ndugu mseminari, utakapoketi mbele ya alifabeti ya Kiebrania na kuona giza, mkumbuke kijana wa Chalcis. Sisi tuna nafuu kidogo: anayehesabu sita, saba na tisa hatashangazwa sana na *shesh*, *sheva* na *tesha*. Nawe mwamini, unaposikia somo la kwanza katika Misa, kumbuka kwamba Neno hilo lilitunzwa na watu wa Israeli kabla halijatufikia. Tuwaombee, tuwaheshimu, na tusione aibu kufundishwa.

Mtakatifu Yeronimo, utuombee.