Seyyid Barghash bin Said na Sare za Askari Wake

Seyyid Barghash bin Said bin Sultan alikuwa mmoja katika wana wa Seyyid Said, yule aliyeufanya Unguja kuwa mji wa ufalme wake. Mwaka 1856 alikuwamo chomboni pamoja na baba yake wakirejea kutoka Omani, na baba akafariki baharini. Barghash akauleta mwili wake Unguja. Usultani wa Unguja ukamwangukia nduguye Majid. Mwaka 1859 Barghash alimwasi nduguye, akajifungia na wafuasi wake katika shamba la Marseilles. Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akashindwa, akapelekwa Bombay, akakaa huko karibu miaka miwili.

Majid alipofariki katika Oktoba 1870, Barghash akatawazwa. Mwanzo wa enzi yake ulikuwa mzito. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Mwaka 1873 alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa. Mwaka 1875 alisafiri kwenda Uingereza. Na kabla mwaka ule haujaisha, askari wa Khedive wa Misri walishuka Barawa na Kismayu, wakaishika miji iliyokuwa chini ya bendera yake. Waliondoka kwa neno la Waingereza, si kwa nguvu ya Sultani. Hapo ikadhihirika kwamba nchi ndefu kama ile haiwezi kulindwa na watu waliokusanywa kila mmoja na silaha yake, na mavazi ya kwao, na mkubwa wake.

Katika Agosti 1877 Barghash aliazimia kuwa na jeshi la taratibu mpya. Akampata Lloyd Mathews, ofisa wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa London, kijana wa miaka 27. Waliotangulia kuingizwa walikuwa Waarabu na Waajemi, maana ilitakiwa silaha zikae mikononi mwa wakubwa wa mji. Mathews akaufungua mlango kwa Waafrika. Watu wakaogopa kwamba watumwa waliotoroka watakimbilia jeshini na mji utachafuka. Lakini hofu ile haikutimia. Wengi walioingia walikuwa wachukuzi wa makaa ya meli, watu wa kazi ngumu, na wengine walikuwa wafungwa ambao Sultani mwenyewe aliwatoa. Kabla ya mwaka kwisha, watu 300 walikuwa wakifundishwa kwata hali wamevaa sare.

Sare yenyewe ilikuwa kofia nyekundu, koti fupi jeusi, na suruali nyeupe. Maofisa wa Kiarabu walivaa makoti marefu ya buluu iliyoiva na suruali zake, yenye utepe wa dhahabu. Jambo hili halikuwa dogo katika mji wa Unguja. Vazi ndilo lililomtambulisha mtu: joho, kilemba na jambia vilikuwa vya watu wakubwa, na desturi ilimtaka mtumwa atembee kichwa wazi na miguu mitupu. Sasa mchukuzi wa makaa alivikwa kofia, akapita njia kuu kwa hatua moja na wenziwe, tarumbeta zikilia mbele yake. Na ofisa wa Kiarabu naye ilimpasa kuweka kando joho lake saa ya gwaride na kuvaa kama walivyovaa maofisa wenziwe. Sharti ile iliwapandisha hawa na kuwabana wale. Askari wa kale, waliozidi elfu moja, waliachwa na mavazi yao, wakatumiwa kando ya jeshi jipya.

Jambo kama hili lilikuwa limekwisha tokea Istanbul. Sultan Mahmud wa Pili alilivunja jeshi la Yanisari mwaka 1826, akawaamuru askari wapya kuvaa koti na suruali, kisha kofia nyekundu. Mwaka 1829 akawatia na makarani wa serikali katika amri hiyo, na maulamaa wakaachiwa vilemba vyao. Wengi walinung'unika. Lakini kofia ile haina ukingo wa mbele, na mwenye kuivaa huweza kusujudu hata paji la uso likafika chini. Uislamu haukumfunga askari kwa vazi moja. Umetaka uchi usitiriwe na sala isizuiliwe. Kwa hiyo sare ya Barghash haikuwa aibu ya dini.

Jeshi lilikua. Serikali ya Uingereza ilitoa bunduki 500, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 askari wa Mathews walifika 1,300. Katika Disemba 1881 Hilal bin Amr alipomwua Kapteni Brownrigg karibu na Pemba, Mathews na askari wake ndio waliomwandama na kumkamata.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1885. Wadachi walitangaza himaya juu ya Usagara na nchi za jirani. Barghash akakataa, akamtuma Mathews hata Kilimanjaro kupata ahadi za wakubwa wa kule. Katika Agosti manowari za Kidachi zikatia nanga mbele ya jumba lake, na Waingereza hawakumsaidia. Kofia nyekundu zilikuwa tayari pwani, lakini hazikuweza kushindana na mizinga ya baharini, Sultani akakubali. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi wakagawana bara, wakamwachia yeye upande wa pwani wa maili kumi. Mstari wao ulitoka mto Umba, ukapita Kilimanjaro, ukaishia ufuko wa mashariki wa ziwa Nyanza. Na nchi zilipo leo Musoma, Bunda na Butiama, kusini ya mstari ule, zikahesabiwa fungu la Wadachi, wala wenyeji wake hawakuulizwa.

Seyyid Barghash alifariki Unguja katika Machi 1888, punde baada ya kurejea kutoka Maskati. Jeshi lake lilibaki, na Mathews alibaki nalo. Mwaka 1890 Unguja uliingia katika himaya ya Uingereza, na mwaka 1891 Mathews akawa waziri mkuu wa serikali. Katika Agosti 1896 Khalid, mwana wa Barghash, alikaa katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 manowari zao zikalipiga jumba kwa muda usiotimia saa moja. Askari wapatao 900 wa jeshi lililoanzishwa na baba yake walisimama siku ile upande wa Waingereza, na Mathews akiwa pamoja nao.

Barghash aliwapa askari wake nguo moja, hatua moja na bunduki moja, na katika hayo alifaulu. Lakini amri ya jeshi aliitia mkononi mwa mgeni. Na askari humfuata anayemwamuru, si aliyelipia kofia yake. Mwenyezi Mungu amrehemu.