Werner Forssmann: munganga aliyejiingizia mupira mu moyo

Wagonjwa wengi wa kansa wanapewa dawa kupitia mupira mwembamba, unaopita mu mushipa mpaka karibu na moyo. Ile njia ilifunguliwa na Mujerumani, Werner Forssmann, aliyezaliwa Berlin mu 1904.

Mu 1929, kule Eberswalde, mukubwa wake alimukatalia kujaribu. Forssmann akamudanganya muforomo aliyejitolea, akamufunga kwa meza, kisha akajipasua mukono yeye mwenyewe. Alisukuma mupira sentimita 65, akatembea mpaka kwenye radio: ncha ilikuwa ndani ya moyo.

Hospitali ya Charité ikamufukuza. Akageukia kutibu figo na njia ya mukojo. Mu 1956 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Cournand na Richards. Alikufa mu 1979, kwa ugonjwa wa moyo.

Leo, kabla ya kupitisha mupira kwa mugonjwa wa kansa, waganga wanaweza kupima kwanza kama damu yake inaganda vizuri.