Daktari wa jicho moja na kirusi cha Mulago

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja akiwa na miaka 11, lakini akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili. Baadaye akakuta mwingine Jinja. Hakutulia. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walichukua gari kuukuu, wakazunguka wiki 10, hospitali kwa hospitali, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini. Barabara za enzi hizo wazee wetu wanazijua! Waligundua saratani ile inafuata maeneo ya joto na mvua, kwenye malaria.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona kirusi, kikaitwa Epstein-Barr.

Burkitt alifariki 1993. Mwaka 2022 utafiti wa wanajeshi wa Marekani ulionyesha kwamba anayeambukizwa kirusi hicho, hatari yake ya kupata maltipo sklerosisi huongezeka mara 32. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili hushambulia utando wa mishipa ya fahamu, kama waya wa umeme unaochunwa plastiki. Hata hivyo, wengi wetu tunacho tangu utotoni, kupitia mate, na hatuugui.