Kodi ya Nyumba ya Kenyatta
Juzi, hapa Entarara, kijana wa jirani yangu anayesafiri ng'ambo aliniuliza atakula nini huko. Nikamkumbuka marehemu Jomo Kenyatta. Alipofika London tena mwaka 1931 hakuwa rais. Huko Pimlico, alikoishi kuanzia 1933 hadi 1937, alikuwa mpangaji tu, tena mwenye madeni. Mwaka 1935 alionekana kidogo katika filamu. Mimi mwanaisimu, hata hivyo, huvutiwa zaidi na kibarua chake katika University College: kutamka Kikuyu, huku Lilias Armstrong akiandika toni. Bibi huyo alifariki 1937. Kitabu chake kikachapishwa 1940. Nasi twamwita Kenyatta mwanafunzi wa London! Pale mwalimu alikuwa nani?