Joginder Singh: Kalasinga wa Kericho na Pumzi ya Injini

Debe tupu, walisema wahenga, haliachi kuvuma. Mpenzi msomaji, iwapo umewahi kupita penye gereji za jua kali mjini Kisii au Keroka, huenda umewaona vijana wakimwomba fundi aing'oe sailensa ili gari lingurume mithili ya magari ya mashindano. Wanaamini kuwa kelele ni nguvu. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha ya jirani yetu aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na ambaye ushindi wake mmoja dhidi ya gari kubwa la michezo unafaa kuwafikirisha vijana hao.

Joginder Singh alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Asafiriye kutoka Kisii kwenda Nakuru kwa njia ya Keroka na Sotik huupitia mji huo, ingawa ni wachache wetu wanaokumbuka kwamba ndiko alikozaliwa yule aliyekuja kuitwa Simba wa Kenya. Alikuwa Kalasinga mwenye kilemba, na riziki yake ya awali ilitokana na spana. Mwaka 1958 akawa askari wa doria wa kwanza wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuwanusuru madereva waliokwama njiani. Sidhani palikuwa na shule bora zaidi ya kujifunza ni kipi huvunjika kwanza katika gari.

Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliingia katika mashindano ya Safari wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Magari 85 yaliondoka. 16 tu yakamaliza, na Volvo hiyo ikatangulia. Injini yake, yenye silinda nne na ujazo wa takriban lita 1.8, ilikuwa ya ukoo mmoja na ile ya P1800, gari la michezo la kampuni hiyo hiyo.

Hapa yafaa tutue kidogo. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, gesi iliyoungua hutoka kwa kishindo na kukimbia ndani ya bomba kama wimbi. Wimbi hilo likifika mahali bomba linapopanuka au kuungana na jingine, sehemu yake hurudi nyuma ikiwa na mvuto badala ya msukumo. Likirejea wakati ufaao, yaani vali ya moshi haijafunga na ile ya hewa imeanza kufunguka, hufyonza mabaki ya moshi na kuivuta hewa mpya iingie. Aghalabu mabomba marefu na membamba huisaidia injini inapozunguka polepole, kama vile kupanda mlima. Mafupi na mapana huisaidia inapozunguka kwa kasi. Katika injini ya silinda nne, bomba la kwanza huunganishwa na la nne, na la pili na la tatu, ili mapigo yasigongane. Kuing'oa sailensa tu hakuyapangi mapigo hayo, huongeza kelele.

Nasi watu wa nyanda za juu tuna sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa injini isiyo na tabochaja hupoteza yapata sehemu moja ya sita ya nguvu zake.

Turejee kwa Simba. Mwaka 1974, safari hii akiongozwa njia na David Doig, aliendesha Mitsubishi Lancer ya lita 1.6. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi, ndani ya Porsche 911. Injini ya Porsche ina silinda sita, tatu kila upande, na huwaka kwa zamu: upande huu, kisha ule. Hivyo mabomba matatu ya kila upande hupokea mapigo yaliyoachana sawasawa, neema ambayo injini ya silinda nne huitafuta kwa kupinda na kuunganisha mabomba kwa ustadi. Hata hivyo, Lancer ndogo ilishinda. Porsche ikawa ya pili. Nisieleweke vibaya: si bomba la moshi lililompa Joginder ushindi. Lakini bomba hupita chini ya gari, na jiwe moja likilibonyeza, injini hukabwa koo hata ingekuwa na nguvu kiasi gani. Dereva aliyekuwa fundi huyajua mawe hayo.

Mwaka 1976 alishinda tena kwa Lancer, na Lancer nyingine mbili zikashika nafasi ya pili na ya tatu. Akawa wa kwanza kuyatwaa mashindano ya Safari mara tatu. Katika safari zake 22 alifika mwisho mara 19, na mimi naihesabu 19 hiyo kuwa kubwa kuliko tatu.

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.