JOSEPH CONRAD: BAHARIA ALIYEJIFUNZA KIINGEREZA UKUBWANI

Najua wapo watakaouliza Kiingereza kinatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili. Tulieni kidogo, nitapasua mbarika.

Muhula wa kwanza nilisimama darasani kusoma kwa sauti. Nikafika kwenye lile neno la Kiingereza lenye maana ya kisiwa, nikalitamka pamoja na herufi s ambayo kumbe huandikwa tu, haisemwi. Darasa zima likaangua kicheko. Siku hiyo nikaapa sitafungua kinywa tena katika kipindi cha Kiingereza mpaka nimalize kidato cha nne. Si kwamba sikujua kitu. Vitabu nilivielewa na insha nilipata alama za katikati, lakini kusema ndiko kulikonitoa jasho. Mwalimu wetu alipoona nimenyamaza wiki tatu hakunigombeza. Alinisimulia habari za mtu mmoja, nami nikaenda kutafuta mengine katika vitabu.

Mtu huyo ni Joseph Conrad, ingawa hilo silo jina alilopewa na wazazi wake. Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 katika mji wa Berdychiv, ambao leo uko Ukraine, akaitwa Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Wazazi wake walikuwa Wapolandi, na wakati huo Polandi ilikuwa imegawanywa na madola makubwa hata ikatoweka katika ramani. Baba yake, Apollo, alikuwa mshairi na mfasiri. Kwa kuwa alipinga utawala wa Urusi alitiwa mbaroni, na mwaka 1862 yeye, mkewe na mtoto wao wakapelekwa uhamishoni Vologda, mahali pa baridi kali. Mama alifariki mwaka 1865, baba naye 1869. Mtoto akabaki yatima akiwa na miaka 11, chini ya ulezi wa mjomba wake, Tadeusz Bobrowski, aliyemtumia pesa pamoja na barua za kumkaripia jinsi anavyozitumia. Wajomba ni wale wale kila mahali!

Mwaka 1874, akiwa na miaka 16 (umri wangu mimi), aliondoka akaenda Marseille, Ufaransa, kuwa baharia. Kifaransa alikifahamu tangu utotoni. Kiingereza hakukijua. Ilikuwa Juni 1878, akiwa na miaka 20, aliposhuka kutoka meli ya Waingereza katika bandari ya Lowestoft. Hakuingia darasa lolote. Alipata kazi katika chombo kidogo kilichokwenda kuchukua makaa ya mawe Newcastle, kwa mshahara wa shilingi moja kwa mwezi, na walimu wake wakawa mabaharia wenzake pamoja na magazeti.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mtu akianza lugha mpya kila siku huona faida. Leo maneno matano, kesho kumi. Halafu anafika katikati, anaelewa karibu kila kitu, lakini ulimi unagoma na haoni kama anasonga mbele. Conrad alikaa katika katikati hiyo miaka na miaka. Mwaka 1880 alifaulu mtihani wa kuwa msaidizi wa pili wa nahodha. Mwaka 1884 akajaribu ule wa msaidizi wa kwanza, asifue dafu. Akarudia, akapita siku ile ile aliyotimiza miaka 27. Mwaka 1886 mtihani wa nahodha nao ukamwangusha Julai, akaupita Novemba. Sitawadanganya kwamba ni lugha iliyomwangusha, maana mwaka 1884 zilimshinda hesabu za safari. Lakini hebu fikiria kupiga hesabu hizo, na kujibu maswali ya mdomo mbele ya mtahini, kwa lugha yako ya tatu!

Katika miaka hiyo hiyo meli yake moja ilivuja ikakwama Falmouth ikitengenezwa. Conrad akajinunulia kitabu cha shilingi tano chenye kazi zote za Shakespeare, akawa anakisoma huku mafundi wakikalafati meli kwa nyundo. Shakespeare hakuwa mgeni kwake, kwani utotoni alikuwa amesoma tamthilia yake moja katika tafsiri ya Kipolandi aliyoifanya babake.

Mwaka 1889 akaanza kuandika riwaya, tena kwa Kiingereza. Mswada huo alisafiri nao mpaka Kongo mwaka 1890, alipofanya kazi katika meli ya mtoni hadi Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, mji ambao Kiswahili kinasemwa. Alirudi mgonjwa. Safari hiyo ndiyo iliyozaa Heart of Darkness mwaka 1899, kitabu ambacho Chinua Achebe alikishutumu vikali mwaka 1975 kwa jinsi kinavyomchora Mwafrika. Mimi naona Achebe alisema kweli. Waafrika wa mle ndani karibu wote hawana hata jina. Kujua lugha ni jambo moja, kuwaona watu ni jingine.

Riwaya ile ya kwanza, Almayer's Folly, ilitoka mwaka 1895, miaka 17 baada ya Lowestoft. Mjombake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Baada ya hapo mnadhani alikuwa anakisema Kiingereza kama maji? La hasha! Rafiki yake Edward Garnett, aliyekuwa akimsomea miswada, alieleza kwamba Conrad alipomsomea kwa sauti kurasa za kitabu chake mwenyewe, alikosea matamshi ya maneno mengi hata ikawa taabu kumfuata. Maneno hayo alikuwa ameyapata vitabuni, hajawahi kuyasikia. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Kesho yake niliinua mkono kipindi cha Kiingereza. Walicheka tena, lakini nilimaliza aya yangu.

Lafudhi ya Kipolandi haikumtoka maisha yake yote. Mwaka 1896 alioa Mwingereza, Jessie, na katika fungate yao akashikwa na homa kali, akaweweseka kwa Kipolandi huku bibi harusi ameduwaa asielewe hata neno. Miaka michache baadaye aliandika hadithi, Amy Foster, ya mgeni ambaye katika homa anaomba maji kwa lugha ya kwao, mkewe anaogopa na kukimbia na mtoto. Huko kwao nako, mwaka 1899 mwandishi mashuhuri, Eliza Orzeszkowa, alimlaumu hadharani kwamba kwa kuandika Kiingereza amelisaliti taifa lake. Maneno hayo yalimchoma sana. Ni mashtaka ambayo hata sisi wanachama wa Kiswahili huwatupia wenzetu, tena kwa urahisi mno.

Alifariki tarehe 3 Agosti 1924, akazikwa Canterbury. Kwenye kaburi waliandika jina lake la kwao likiwa nusu Kiingereza nusu Kipolandi, na Teodor wakaikosea tahajia.